Tangi la Samaki: Mimea Mipya Ikiyeyuka, Usiing'oe

Siku hizi matangi ya samaki yameingia majumbani mwetu. Zamani tulizoea kuyaona hotelini na kwenye vyumba vya kungojea daktari. Sasa utayakuta sebuleni Majengo, Kisauni, Likoni hata Malindi. Na watu wameanza kuacha maua ya plastiki wakapanda mimea hai ndani ya maji. Ni jambo jema, kwani mmea hai hufyonza uchafu wa samaki, huwapa hewa safi mchana na huwapa mahali pa kujificha.

Mimi nimefuga samaki wa mapambo kwa miaka mingi na majirani wanijua kwa hilo, basi malalamiko yote huishia barazani kwangu. Kubwa lao ni moja. Kijana huja na simu mkononi, anionyeshe picha: "Ami, mimea hii niliinunua Ijumaa, ilikuwa yang'ara. Leo majani yamekuwa kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Muuzaji kanipunja?"

Mara nyingi hakupunjwa, na mara nyingi mmea haujafa. Kinachouua ni yale yafuatayo. Mwenyewe huung'oa akautupa, akanunua mwingine, nao ukafanya vile vile, mpaka fedha zikaisha akarudi kwenye plastiki. Au huhisi mmea una njaa, akatia mbolea ya shamba, na asubuhi samaki waelea tumbo juu. Hasara zote mbili zaweza kuepukwa mtu akijua nini kinaendelea ndani ya maji katika wiki sita za mwanzo.

Kwa nini majani hufa

Mimea mingi iuzwayo kwa ajili ya matangi haikukuzwa ndani ya maji. Wakulima wa mimea hii huikuza mizizi ikiwa imelowa na majani yakiwa hewani, ndani ya vibanda vyenye unyevu mwingi. Nje ya maji mmea hukua upesi, hauotwi na utelezi wa kijani, na huvumilia safari. Hilo lawezekana kwa sababu mingi kati yake kwa asili ni mimea ya kandokando ya mito: wakati wa kiangazi husimama nchi kavu, mvua zikija huzama. Imejaaliwa kuishi kote kuwili, lakini kwa majani tofauti.

Jani la hewani ni gumu, limepakwa nta lisikauke, na lina vitundu vya kupumulia. Jani la majini ni jembamba na laini, halina haja ya nta, na hufyonza chakula kwa ngozi yake yote. Tena hewa ya kaboni, ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula, husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Jani la hewani likizamishwa ghafla hukosa pumzi. Mmea basi huvuta chakula kilichobaki katika majani yale ya zamani, huyaacha yaoze, na akiba ile huitumia kuchipua majani mapya ya majini.

Iko pia mimea ambayo, hata kama imekulia majini tangu mwanzo, haipendi kuhamishwa. Mashuhuri kwa tabia hii ni kriptokorini, mmea wa Asia. Ukiubadilishia maji, taa au mahali tu, waweza kuangusha majani yote kwa siku chache. Lakini mizizi yake hubaki hai chini ya mchanga, na baada ya wiki tatu hadi sita huchipua tena. Nimeona watu wakitupa mizizi mizima kabisa kwa sababu juu hapakuwa na kitu.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1850 mwanakemia wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa valisneria ndani ya chombo cha maji, aone kama watatunzana. Samaki na mmea walielewana, lakini majani makuukuu ya mmea yalioza yakachafua maji. Dawa aliyoipata ni konokono wa majini, waliokula yale yaliyooza. Jaribio lile ni miongoni mwa mwanzo wa tangi la nyumbani kama tulijuavyo leo, na funzo lake halijachakaa. Kazi yetu si kulizuia jani kuukuu lisife. Kazi ni kuliondoa kabla halijawadhuru wengine.

Siku ya kupanda

Mmea ukifika nyumbani, utoe kwenye kikopo chake. Ile sufi iliyoshika mizizi iondoe yote, kwani hubeba mbolea na pengine dawa za wadudu. Kama umefungwa kipande cha risasi, kitoe pia, maana hubana shina likaoza. Suuza kwa maji safi, angalia mayai ya konokono yaliyo kama ute chini ya majani, kata majani ya manjano, na mizizi mirefu ipunguze ibaki sentimita tatu au nne.

Upandaji wenyewe hutegemea aina. Valisneria, kriptokorini na ule uitwao upanga wa Amazoni hutaka mizizi ndani ya mchanga, lakini kitovu, pale majani yakutanapo na mizizi, kibaki juu. Ukikifukia huoza. Anubiasi, ambao asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, pamoja na kangaga la Java, wana shina nene lililolala kama kipande cha tangawizi. Shina hilo usilizike kamwe. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti, mizizi itajishikia yenyewe. Mimea ya vishina virefu iuzwayo kwa shada, ifungue shada hilo, ondoa majani ya chini, na upande kishina kimoja kimoja kwa kuachia nafasi ili mwanga ufike chini.

Kuhusu mchanga, najua ufuo uko karibu na ni bure, lakini usichote huko. Mchanga wa pwani yetu mwingi ni matumbawe na kombe zilizosagika, una chokaa na chumvi. Nunua mchanga wa mto au changarawe ndogo, uoshe mpaka maji yawe meupe. Kama huna hakika, mimina siki juu ya kiganja kimoja cha mchanga mkavu. Ukitoa povu, una chokaa, usiutumie. Kina cha sentimita tano chatosha mimea mingi.

Na usichume mimea wala kuokota konokono kwenye vidimbwi na mitaro uje kuwatia tangini. Kichocho bado kipo katika sehemu za Pwani, na konokono wa maji baridi ndio wakibebao.

Maji yetu ya Pwani

Hapa ndipo maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa Ulaya huwapoteza wengi. Maji yao si maji yetu.

Maji ya bomba yatokayo Mzima au Baricho kwa kawaida yafaa, lakini hutiwa klorini ya kuua viini. Klorini hiyo hiyo huwaunguza samaki, na huua bakteria wema wanaosafisha tangi. Yateke ndani ya ndoo iliyo wazi, yakae siku nzima kabla ya kuyatumia, au tia matone ya kuondoa klorini yauzwayo madukani.

Maji ya kisima ni hadithi nyingine. Visima vingi vyetu vimechimbwa ndani ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ni mazito kwa chokaa, na vile vya karibu na bahari huingiwa na chumvi. Kipimo cha kwanza ni ulimi: ukionja chumvi, usiyatie. Kipimo cha pili ni sabuni: isipotoa povu kwa urahisi, maji ni mazito. Maji mazito yasiyo na chumvi yaweza kutumika, ila chagua mimea inayoyavumilia. Valisneria huyapenda, na kangaga la Java na anubiasi hawana taabu nayo. Ukinunua kwa mkokoteni, muulize muuzaji kama ni ya bomba au ya kisima, kwani mmea uliokwisha kuyazoea ya bomba hushtuka ukipewa ya kisima ghafla.

Mvua za masika ni neema hapa. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa, kisha kinga. Changanya nusu kwa nusu na maji ya kisima na uzito wake utapungua. Lakini usitumie maji ya mvua peke yake, maana hayana madini, na mmea huhitaji kiasi.

Katika wiki nne za mwanzo badilisha theluthi moja ya maji kila wiki, au mara mbili kwa wiki kama majani mengi yaoza. Jani linapooza hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Sumu hiyo huwa kali zaidi katika maji ya moto na yenye chokaa, yaani maji kama yetu. Ndiyo sababu nasisitiza: kila siku tia mkono, ondoa majani yaliyolainika, chota vilivyoanguka. Jani lenye sehemu kubwa ya kijani liache, mmea bado walinyonya.

Taa na joto

Mtu akiona mmea wanyauka, jambo la kwanza ni kuongeza mwanga. Ni kinyume cha inavyotakiwa. Mmea usio na majani ya kazi hauwezi kuutumia mwanga huo, lakini utelezi wa kijani waweza, na utafunika kila kitu. Anza na saa sita za taa kwa siku, kwa saa zile zile kila siku. Ukishaona majani mapya, ongeza nusu saa kila wiki mpaka ufike saa nane. Tangi lisikae dirishani penye jua moja kwa moja, kwani jua la saa nane mchana hulichemsha na kulifanya kijani.

Joto ndilo adui wetu mkubwa. Mingi ya mimea hii hustawi kati ya digrii 22 na 28. Hapa kwetu, Februari na Machi maji ya sebuleni yaweza kupita 30, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Hatuhitaji kile chombo cha kupasha maji joto kinachouzwa pamoja na tangi, tunahitaji feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Mvuke unapotoka, maji hupoa digrii mbili tatu. Ila kumbuka kwamba mvuke huondoka ukaacha madini. Ukijazia maji yaliyopungua kwa maji ya kisima kila siku, baada ya miezi michache tangi litakuwa zito mno. Jazia kwa maji ya mvua au ya bomba.

Stima ikipotea usiku, fungua kifuniko na mara kwa mara chota maji kwa kikombe uyamwage tena kutoka juu. Gizani mimea nayo hutumia hewa kama samaki, haitoi.

Chakula cha mmea

Wiki mbili za mwanzo, usitie mbolea yoyote. Mmea unaishi kwa akiba yake, na kinyesi cha samaki chatosha.

Baadaye tumia mbolea iliyotengenezwa kwa matangi, nusu ya kipimo kilichoandikwa. Mbolea za shamba kama DAP, CAN na yurea zisikaribie tangi hata kidogo. DAP na CAN zina amonia ndani yake, na yurea hugeuka amonia ikifika majini. Kijiko kimoja katika tangi dogo chatosha kuua samaki wote usiku mmoja.

Ukishaingia mwezi wa pili, majani yenyewe yatakwambia kinachokosekana. Majani ya zamani yakigeuka manjano yote huku machanga yakiwa kijani, naitrojeni imepungua. Matundu madogo kama ya sindano katika majani ya zamani huonyesha upungufu wa potasiamu. Majani mapya yakitoka meupe na mishipa ya kijani, chuma kimepungua. Lakini usisome dalili hizi katika wiki za mwanzo, kwani wakati huo kila jani la zamani huonekana gonjwa.

Mzima au mfu?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake haliko katika majani. Liko chini.

Minya kidogo kitovu au shina. Kikiwa kigumu, mmea u hai hata kama umebaki upara. Kikiwa laini kama ndizi iliyooza na chanuka, umekufa, utoe upesi. Angalia na mizizi: iliyo myeupe au ya hudhurungi na imekaza ni mizima, iliyo myeusi na yakatika kwa kuguswa imeoza. Kwa anubiasi, kama upande mmoja wa shina umeoza, kata kwa kisu safi mpaka ufike penye ugumu, sehemu nzuri itachipua. Kwa vishina virefu, chini paweza kuoza na ncha ikawa inakua vizuri. Kata ncha hiyo uipande upya.

Kwa muhtasari, mambo huenda hivi. Wiki ya kwanza mmea huonekana salama, au huanza kuyeyuka. Wiki ya pili na ya tatu ni mbaya zaidi, na ndizo watu wakatazo tamaa. Wiki ya tatu au ya nne utaona kichipukizi kidogo katikati, mara nyingi chenye sura tofauti na majani ya kwanza, chembamba zaidi au chenye rangi nyingine. Usishangae, hilo ndilo jani la majini. Kufikia wiki ya sita mmea uliopona utakuwa na majani kadhaa mapya. Upanga wa Amazoni na kriptokorini ndio wachelewao. Valisneria ikishika hutoa vikono vitambaavyo kama viazi vitamu, kila kikono na mche wake.

Katika muda wote huo, usiuhamishe. Kila ukiung'oa kuangalia mizizi, unaurudisha siku ya kwanza. Wahenga walisema subira huvuta heri, na katika jambo hili heri yenyewe huhesabika kwa wiki.

Kwa wauzaji, na kwa mito yetu

Nina neno kwa ndugu zetu wenye maduka. Mwambieni mnunuzi mapema kama mmea umekuzwa hewani au majini, na kwamba majani yatakufa kwanza. Ni sentensi moja tu. Mteja asiyeambiwa hudhani ametapeliwa, na harudi. Aliyeambiwa hungoja, akafaulu, akaja kununua mwingine. Tena msimuuzie mtu samaki kumi na mimea kwa siku moja. Mimea ipande kwanza, ipone, ndipo samaki waingie wawili watatu. Wiki za majani kuoza ndizo wiki za sumu.

Na neno la mwisho ni kwetu sote. Mmea uliokushinda, au uliozidi, usiutupe mtaroni wala mtoni. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, likaletwa Afrika kwa uzuri wa maua yake, na miaka ya 1990 lilifunika sehemu kubwa za Ziwa Viktoria upande wa Kisumu hata boti za wavuvi zikakwama. Mpaka leo wanalipigana nalo. Sisi tuna Sabaki, tuna Tana, tuna Ramisi, na vidimbwi ambavyo ng'ombe na watu huvitegemea. Mmea wa tangini uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha uufukie.

Ulio mzima na umezaa, mpe jirani. Ila unapompa, mwambie kabisa: majani haya yatakufa, usiung'oe.